Madawati ya Ng'ambo

Jumatatu, 10 Machi

Mvua bado. Kila alasiri mawingu yanakusanyika juu ya mlima, yanatutazama, halafu yanakwenda zake Timau kunyeshea ngano za wenye trekta. Sisi huku Rugongo tumepanda viazi kwenye vumbi kwa sababu Kaimenyi, mmoja wa wazazi, alisema redio imesema.

Nguzo ya kona darasani imetoa unga tena. Mchwa wameila ndani, imebaki ganda. Nimewasogeza watoto upande wa dirisha. Nimekuwa nikiwasogeza muhula baada ya muhula, na nikiendelea hivi tutajikuta nje. Darasa lenyewe ni la mbao, walilijenga babu za watoto hawa, na tangu chekechea ziwe mikononi mwa kaunti hakuna aliyekuja kuligongea hata msumari. Mimi ndiye mwalimu, ndiye mpishi wa uji, ndiye fundi wa kuegemeza nguzo. Nimechoka na mwaka bado mchanga.

Jumatano, 12 Machi

Kaberia, msimamizi wa wadi yetu, amekuja na pikipiki. Bajeti ya mwaka ujao ina pesa za darasa moja la chekechea katika wadi nzima. Moja tu. Wanaoomba ni wawili: sisi, na chekechea ya ng'ambo ya mto, kwa mwalimu Purity. Kamati kutoka kaunti itakuja kujionea kabla ya kuamua. Kwetu watakuja Alhamisi ya wiki ijayo, kwao Ijumaa.

"Mwalimu, mimi sina upande," akasema.

"Najua. Wewe una pikipiki tu."

Akacheka, akaondoka, chai akaiacha nusu. Huyu ni mtu wa kucheka na kuondoka. Sijawahi kumwona akimaliza kikombe kwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao cha wazazi. Kaimenyi alisimama kwanza, kama kawaida, na akasema yale yale ya kila kikao.

"Kila gunia la viazi likitoka hapa, linalipiwa sesi pale kwa kizuizi. Hata kabichi inalipa. Hiyo ushuru inaenda wapi? Hii darasa tumeshailipia mara kumi, sasa wanakuja kuiangalia wakaangalie nini?"

Watu wakapiga makofi. Wanampigia makofi kila mara na hakuna kinachobadilika, ila yeye anakwenda nyumbani akiwa amepona.

Kisha akasimama Igoki, mwenyekiti wa wazazi. Igoki akiongea hata wanaume huzima simu. Akauliza swali moja: "Sasa hawa wageni watakalia nini?"

Watoto wetu wanakalia mbao zilizowekwa juu ya mawe.

Basi ikapangwa. Kuta zipakwe chokaa. Ile nguzo izibwe kwa udongo na ipakwe pia. Mapazia yatoke kwa Igoki mwenyewe. Wageni wapikiwe mukimo na kuku. Na madawati yaazimwe ng'ambo kwa Purity, ambako waliyapata kwa msamaria mmoja mwaka juzi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema hawa watu wanakuja kuona shida, tuwaachie shida waione.

Igoki akaniangalia kama mtu aliyesikia mtoto akitukana kanisani. "Mwalimu, hata ukiwa na shida, mgeni akiingia kwako si unafagia? Wakipata uchafu watasema hii watu ni wavivu, wakijengewa wataharibu. Kaunti inasaidia mtu anayejisaidia."

"Ii," wakaitikia akina mama wote, kwa sauti ile ya chini inayofunga mjadala.

Mimi pia ningefagia. Mama yangu aliwahi kuazima vikombe kwa jirani ili pasta asijue kwetu tunanywea mikebe.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu Misheck amekuja nyumbani kutoka shamba la maua. Amelala mchana kutwa. Nimemweleza habari za chokaa, akasema, "Basi mpake mpaka nyuma," akageukia ukuta.

Jumatano, 19 Machi

Madawati yamefika. Akina mama wameyabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso vile wanavyobeba kuni, wakavuka mto juu ya mawe mmoja nyuma ya mwingine. Purity aliwafungulia mlango mwenyewe na kuwasaidia kufunga kamba. Hakuuliza lolote ila, "Mtarudisha kesho jioni? Wageni wangu ni Ijumaa."

Nilikuwa nikimwona Purity kuwa na maringo, kwa vile alisomea chuo cha Embu na mimi nilipata cheti changu kwa kozi za likizo. Leo sikuyaona.

Watoto wangu walipokalia madawati hawakutaka kwenda nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie na mawingu.

Asubuhi mlima wote ulikuwa mweusi. Wageni walitakiwa baada ya chakula cha mchana, lakini saa nne hivi gari lao lilikuwa limefika, na dereva akikodolea macho barabara kuliko darasa. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye miwani, mtaratibu sana, anayeuliza jina la mtu na kulikumbuka. Kaberia alikuwa nyuma yao na kofia yake ya pikipiki mkononi.

Darasa liling'aa. Ukweli lazima niuseme, liling'aa mpaka mimi mwenyewe nikajiona mjinga kwa kulilalamikia. Kuta nyeupe, mapazia ya maua, watoto wamekaa wawili wawili mikono juu ya dawati. Wimbo wa kukaribisha niliwafundisha mimi. Nilipinga kikaoni, halafu nikaenda nikatunga wimbo, sijui ni akili gani hiyo.

Kijana wa kamati alikuwa akipiga picha. Akaegemea ile nguzo ya kona. Haikuanguka. Chokaa tu ilimshika kwenye mkono wa koti, na Igoki akamfuta kwa leso yake huku akiomba radhi.

"Mmejitahidi sana," yule mama wa miwani akasema. "Wazazi kama hawa tungekuwa nao kila mahali."

Igoki akainamisha kichwa kwa furaha. Nikajaribu. Nilisema, "Mheshimiwa, hii darasa ni nzee sana, mbao zimeliwa..." Igoki akaniletea sahani ya mukimo mkononi niwapelekee wageni, na maneno yangu yakaishia hapo.

Walikula, wakashukuru, wakaomba maji ya kunawa. Dereva akaja akasema mvua hii ikianza, kesho gari halitafika ng'ambo. Mama wa miwani akasema basi wamalize leo leo. Nikasikia hayo kwa masikio yangu mawili na sikufikiria lolote. Nilikuwa nikihesabu sufuria za kuosha.

Jioni tukarudisha madawati, na matone ya kwanza yakatukuta mtoni. Purity alikuwa amesimama ng'ambo akitungoja, mikono kiunoni.

"Wamekuja!" akaita. "Wamenipata watoto wamekaa chini kwa magunia! Sikujua nicheke ama nilie."

"Ukafanya nini?"

"Nikawaimbia."

Tukacheka mpaka akanishika bega asianguke. Igoki pia alicheka, akisema pole mwalimu, pole sana, tumekuaibisha. Kisha mvua ikashuka kwelikweli na kila mtu akakimbilia kwake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Viazi vimetoka ardhini. Kaimenyi anajisifia redio.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga shule. Chokaa imeanza kutoka kwa chini, imeacha michirizi ya kijivu. Nimechukua mapazia nikampelekea Igoki. Alikataa, akasema yakae, darasa jipya litayahitaji.

Jumanne, 15 Aprili

Matope. Sina la kuandika.

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula mpya. Udongo tuliozibia nguzo umeanguka wote. Watoto wamerudi kukalia mbao na mawe, na kila mmoja anauliza madawati yetu yako wapi. Nimewaambia hayakuwa yetu. Wanaona nimewanyang'anya.

Jumatano, 14 Mei

Kaberia amekuja. Hakuvua kofia.

"Darasa limeenda ng'ambo, mwalimu."

Nilimwomba anieleze sababu. Akatoa simu akanisomea ripoti ya kamati, polepole. Rugongo: chumba ki katika hali nzuri, madawati yanatosha, jamii inajitegemea. Ng'ambo: watoto wanaketi chini.

"Inajitegemea," nikasema.

"Ndivyo wameandika."

"Kwa hivyo tumenyimwa kwa kujitegemea."

Hakucheka leo. Akasema kuna kikao cha wananchi tarehe tano Juni, kabla bajeti haijapitishwa, mwenye la kusema aje aseme. Akaondoka na mvua.

Nimekaa darasani peke yangu. Nimefikiria kile kicheko cha mtoni. Nimejiuliza kama Purity alikuwa akicheka huku anajua. Mtu aliyesoma, si alijua wale watu wanaandika kile wanachoona? Nimekasirika naye. Nimemkasirikia Igoki na mapazia yake. Nimejikasirikia na wimbo wangu. Kisha nikafunga mlango kwa kamba, kitasa kilishakwisha zamani.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekutana na Purity sokoni Kiirua kwenye vitunguu. Nimejifanya sikumwona. Yeye ameniona nikijifanya.

Jumapili, 25 Mei

Leo tukiwa kanisani upepo ulikuja na mvua ya mawe. Mahubiri yakazimwa na mabati. Tulipotoka mtu akasema, "Chekechea!"

Ukuta wa kona umelala chini na paa limeukalia. Mbao zilikuwa zimevunjika kama biskuti, unga mtupu ndani, na nje bado ni nyeupe. Ubao wa kuandikia ulikuwa chini ya yote, na mahali wanapokaa watoto wadogo zaidi, wale ambao niliwasogeza wiki juzi kurudi pale kwa sababu dirishani kulikuwa na baridi, palikuwa na boriti.

Ni Jumapili. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Ni Jumapili.

Igoki alisimama kwenye mvua akiokota mapazia kutoka matopeni, moja baada ya lingine, akiyakamua. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikitunga la kumwambia, na nilipomwona hivyo likanitoka akilini.

Kaberia alikuja kwa miguu, pikipiki ilikwama kwa matope. Alituinulia mabati mpaka jioni. Nilimpa chai akamaliza kikombe, akaomba kingine.

Jumanne, 27 Mei

Tunafundishia kanisani. Mwinjilisti ametupa mpaka mwisho wa Juni, kisha ana semina zake.

Alhamisi, 29 Mei

Kikao cha wazazi. Kaimenyi hakusema habari ya sesi, na hapo nilijua mambo ni mazito.

"Ni rahisi," alisema. "Mwalimu asimame mbele ya hiyo kamati aseme ukweli. Yale madawati walihesabu hapa ni ya Purity. Wale watoto wa ng'ambo hawakai chini, wana madawati kuliko shule yoyote huku. Ripoti ikianguka, darasa inarudi kwetu. Ama ni uongo?"

Si uongo. Ni kweli kila neno. Wazazi wakakubaliana mimi ndiye wa kuongea, kwa sababu ni mwalimu na watanisikiliza. Igoki pekee hakuinua mkono, wala wa kukubali wala wa kukataa.

Darasa lisipojengwa hapa, watoto wetu watahamishiwa ng'ambo. Mto ule kwa mtu mzima ni mawe ya kukanyaga. Kwa mtoto wa miaka minne wakati wa mvua ni mto.

Nimesema sawa, nitasema.

Alhamisi, 5 Juni

Ukumbi ulijaa. Kamati mbele, mezani, na yule mama wa miwani katikati. Nilichelewa, na viti vilikuwa vimekwisha. Mkono ukainuliwa upande wa kushoto. Ni Purity. Alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake, akautoa.

Nikaketi. Tukasalimiana. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Pole kwa darasa. Nilikuja hiyo Jumatatu nikapata mko kanisani, nikaogopa kuingia."

"Asante."

"Ungeniambia umekasirika ningekuja hata hivyo."

Kaimenyi alikuwa wa kwanza kusimama. Aliuliza sesi inaenda wapi, akajibiwa kwamba swali lake limeandikwa. Mzee mmoja akataka barabara. Mwingine akataka barabara hiyo hiyo ianzie kwake. Kisha nikaitwa.

Nilieleza kuhusu ukuta. Nilieleza kuhusu boriti na mahali ilipoangukia. Mama wa miwani alivua miwani.

"Mwalimu, pole sana," akasema, na niliona amemaanisha. "Lakini darasa ni moja. Nikiwapa nyinyi, lazima niliondoe kwa wenzenu, na niwe na sababu. Sisi tulipata watoto wao wamekaa chini. Kwenu tulipata madawati mazuri. Una la kuongeza juu ya hiyo?"

Kaimenyi aliniangalia akinihimiza kwa kichwa, sema, sema.

"Madawati yalikuwa ya kuazima," nikasema.

"Mliazima wapi?"

Purity hakusogea. Alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, viganja juu, kama mtu anayengoja kupokea kitu. Nilimwona vile alivyokuwa akifunga kamba kwenye vichwa vya akina mama wetu, akiuliza tu kama tutarudisha jioni. Darasa lake nalijua. Ni dogo, lina giza, paa halijaanguka bado. Bado.

"Kanisani," nikasema.

Kulikuwa na mnong'ono. Kila mtu wa Rugongo anajua kanisa letu lina mabenchi tu, halina dawati hata moja. Mama wa miwani aliandika, akanishukuru, akasema kuporomoka kwa jengo kutaombewa fungu jingine, mwaka mwingine, na akamwita anayefuata.

Nje Kaimenyi aliniuliza kama nimerogwa. Nilimwambia sijui. Sijui kama nimefanya vema hata sasa ninapoandika. Watakaovuka mto si mimi na Purity, ni watoto, na mimi ndimi niliyepewa mdomo wao.

Purity alikuwa ameondoka kabla sijatoka.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna anayenisalimia ila kwa kunipungia mkono kwa mbali.

Jumapili, 8 Juni

Igoki amekuja na ndizi.

"Wamekasirika," alisema. "Watapoa."

"Na wewe?"

"Mimi ningesema, mwalimu. Nakwambia ukweli wa Mungu. Nilikuwa nimekaa pale nikiomba useme." Akamenya ndizi, akaiweka chini bila kula. "Halafu uliposema kanisani nikashusha pumzi. Ungesema, ningepita kwa Purity na uso gani?"

Nikamuuliza kama wageni wakija tena atapaka chokaa.

"Nitapaka," akasema. "Sasa nifanye nini, niwakaribishe kwa vumbi?"

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Mei. Naye akacheka, huku machozi yakimtoka, akiyafuta kwa ile ile leso.

Alhamisi, 19 Juni

Ukungu na baridi. Watoto wengi wana kikohozi.

Jumatatu, 30 Juni

Bajeti imepita. Kaberia amepiga simu. Darasa ni la ng'ambo. Sisi tunaunganishwa nao kuanzia keshokutwa, na mimi nitafundisha huko pamoja na Purity mpaka Mungu ajue. Alisema aliandika barua mbili za kutuombea. Zamani ningesema ni maneno ya simu. Leo nimemwamini, na haikusaidia kitu.

Jumatano, 2 Julai

Tumevuka asubuhi. Mto umepungua, mawe yako juu, na akina mama walijipanga kwenye maji kushika mikono ya watoto. Kaimenyi alikuwepo, suruali imekunjwa mpaka magotini, akivusha wale wadogo mabegani. Hakunisalimia. Alinivusha begi langu.

Ng'ambo walikuwa wametupokea. Uwanja umefagiwa mpaka umeacha alama za ufagio. Maua yamechomekwa kwenye chupa mlangoni. Watoto wa Purity waliimba, kisha wakasogea wakabanana nyuma, na madawati ya mbele yote wakawaachia wetu. Uji ukaja. Wetu wakapewa kwanza, vikombe vimejaa mpaka mdomoni, uji mzito, wa maziwa. Wazazi wa kule walituambia hakuna cha kuleta leo, sisi ni wageni.

Igoki alikuwa mlangoni, ametosheka. "Umeona?" akaniambia. "Hii watu wanajua kupokea. Hawana shida hawa."

Aliposema hivyo nikainuka. Mama wa miwani hakuwahi kufika nyuma ya darasa letu, mahali tulipoficha mawe na mbao. Alikula mukimo akaondoka. Mimi nilipita katikati ya madawati, nikaenda mpaka jikoni, nikasukuma mlango.

Purity alikuwa ameinama juu ya sufuria akitia maji. Uji uliobaki ulikuwa umegeuka maji ya kijivu, na vikombe vya watoto wake vilikuwa vimepangwa chini, vitupu, vinangoja. Paketi ya unga ilikuwa imekunjuliwa na kukung'utwa mpaka kona.

Aliniona. Alijaribu kusimama mbele ya sufuria, kama anavyojua kufanya kila mwanamke wa huku.

"Rudi ukakae, mwalimu," akasema. "Wewe ni mgeni leo."

Nikachukua mwiko mkononi mwake. Nikarudi darasani, nikakusanya vikombe vya watoto wangu, waliokunywa nusu na waliokuwa hawajagusa, nikavimimina vyote kwenye sufuria, nikakoroga. Purity alisimama pembeni analia bila sauti. Mimi pia.

"Kesho tunakuja na unga wetu," nikamwambia.

Tukagawa upya, kikombe nusu kwa kila mtoto.